Umri wa Maghanga

Kwenye keki mliyoninunulia siku ya kuniaga mliandika jina langu, na chini yake mwaka nilioanza kazi na mwaka niliomaliza, katikati kistari. Niliwaona mkitazamana nilipocheka. Maisha yangu yote ya kazi nimewafundisha watu kwamba mwenye miaka miwili na kistari katikati ni mtu aliyekufa, kisha nyinyi mkaniandika hivyo hivyo kwa sukari. Keki ilikuwa tamu, nami bado napumua.

Mliniomba niwaachie mwongozo. Mwongozo upo kwenye folda yake na hakuna aliyewahi kuusoma hadi mwisho, mimi niliyeuandika nikiwa wa kwanza kuutoroka. Haya ni mengine. Ni mambo ambayo mtu huyasema akiwa amesharudisha funguo.

Nilifika Voi nikiwa na digrii ya fasihi na koti zito ambalo mji ule ulinivua kabla ya saa nne asubuhi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila walipokata mabati huko chini, ushahidi huku juu ulisimama. Mkisikiliza rekodi za miaka ile mtamsikia mama akisema, "Wakamkokota mpaka kwa," halafu bati, halafu kimya, halafu mimi namwomba arudie. Hakuna kazi mbaya kama kumwomba mtu arudie neno hilo kwa sababu ya mabati.

Kazi yenyewe nilielezwa kwa sentensi moja. Tukusanye majina ya watu wa kaunti yetu waliouawa au waliochukuliwa na mkono wa serikali wasirudi, tuyaweke kwenye mtandao, kila mtu na ukurasa wake, picha yake na maisha yake kwa maneno machache, ili atakayesema hawakuwahi kuwepo aonyeshwe. Makao makuu Nairobi yalitengeneza mtambo wa kompyuta. Sisi tulileta watu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Salma, mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, mzaliwa wa Voi katika zile familia za Kiislamu zilizokuja na reli kutoka pwani na zikakaa. Alikuwa akisahihisha lugha ya kila ukurasa kabla haujapanda mtandaoni, kwa kalamu nyekundu, kwa sababu hakuamini kusoma kwenye kioo cha kompyuta. Ukurasa wangu wa kwanza ulirudi kama umechinjiwa kuku. Nilikuwa nimeandika kwamba kijana fulani alipotea.

"Mbuzi ndiye hupotea, mwanangu," akaniambia. "Huyu alichukuliwa. Rudi ukaulize na nani."

Nikarudi, nikauliza, nikaandika kwamba alipigwa risasi. Ukarudi tena. Pembeni alikuwa ameandika kwamba risasi haina miguu. Tangu siku hiyo nikajua nusu ya kazi yetu ni kumtafuta mtenda katika sentensi. Nilisoma miaka minne chuo kikuu na hakuna aliyewahi kuniambia sarufi inaweza kumtia mtu kiwewe.

Vifaa vyenu vya sasa ni vizuri, lakini jueni tulikotoka. Tulikuwa na skana moja iliyokubali kufanya kazi ikibembelezwa. Picha nyingi zilitoka kwenye vitambulisho, na kitambulisho cha Kenya kina kipaji cha kumfanya kila mtu aonekane mshukiwa. Zikikosekana hizo, tulikata uso wa mtu kutoka picha ya harusi ya mwenzake. Ndiyo maana wengi mtandaoni wana mkono wa mtu mwingine begani. Makao makuu waliniambia niifute mikono hiyo, nikasema nitaifuta. Sikuifuta, na hawakuuliza tena.

Jambo jingine ni kuchoka, ambalo semina zetu zililiita kwa majina mengi ya heshima. Hakuna dawa yake. Mimi nilikuwa nikishuka kwenda kununua mahindi ya kuchoma hata kama nimeshiba, nisimame tu mahali ambapo mtu anaulizwa anataka ya pilipili au ya ndimu.

Basi nije kwa Maghanga, maana mtakutana naye na mtamdhani kosa.

Maghanga alikuwa fundi wa magurudumu pale Maungu, kando ya barabara kuu, mahali malori yanaposimama yakielekea Mombasa. Kwao ni Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Alikuwa na mdomo. Katika mabaraza ya mambo ya ardhi ndiye aliyesimama kuuliza ua wa shamba kubwa la jirani umehamishwa na nani usiku, na kwa nini malisho ya watu yamebaki ndani. Jioni moja baada ya baraza, gari lisilo na namba lilisimama mbele ya kibanda chake, wanaume wenye buti za serikali na mashati ya kiraia wakashuka, wakamwambia kuna gurudumu la kutazama. Aliingia na spana mkononi. Kila kituo cha polisi ambacho familia ilikwenda kuuliza kilisema hakimjui.

Mkewe, Wakesho, ndiye aliyekuja ofisini kwetu. Ilikuwa mwaka wa tatu tangu mumewe achukuliwe. Alikuwa amerudi kwa wazazi wake Bura, akilima mboga na kuziteremsha soko la Voi, na alikuja na jani la sukuma limeganda kwenye kiatu. Alieleza vizuri, bila kulia, kama mtu aliyekwisha kulia kwingine. Tulipofika kwenye kisanduku cha uhusiano, mtambo ulitaka achague: mama, ndugu, mtoto, mjane. Neno mke halikuwepo. Akasema tuweke hilo lililopo. Tukaweka mjane. Mtambo, kwa akili zake wenyewe, ukaona mjane, ukamwandika mumewe marehemu na kumwashia mshumaa juu ya picha.

Ukurasa ulipanda Ijumaa. Jumapili ibada ilipoisha, mtu mmoja Makwasinyi alikuwa ameuona kwenye simu. Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu na mzee wa mtaa, akaniambia kwa adabu sana kwamba ingefaa nifike, kwa sababu watu wameanza matanga.

Nilikwenda na Bi Salma. Tulikuta viti vya kanisa vimepangwa uani, masufuria ya kuazima juu ya moto, wanawake wanaingia na unga na sukari vichwani kama inavyopasa. Mama Maghanga alikuwa amewapa wote mgongo. Alikaa chini mbele ya jikoni lake akichambua pojo kwenye ungo, na kila aliyemwambia pole alimwambia, "Ya nini?" Unga walioleta ulikuwa umesimama nje ya mlango, pakiti juu ya pakiti. Hakuruhusu hata moja ivuke kizingiti.

Nilichuchumaa, nikamsalimia, nikajitambulisha. Hakuacha kuchambua.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Nilikuwa nataka nikuone. Askari walimchukua mwanangu, hilo najua. Lakini walimchukua mzima. Wewe, baba, ndiye umemuua."

Nilianza kumweleza habari za mtambo. Nikasema kompyuta iliweka yenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho kwa subira, halafu akauliza kama kompyuta hiyo ina mama. Wanawake wawili watatu wakacheka, wakajizuia. Bi Salma alinivuta shati, ishara yangu ya kunyamaza, akakaa pale chini na nguo zake za mjini, akavuta ungo upande wake, akaanza kuchambua naye. Walichambua kama watu waliokubaliana zamani. Baadaye Mama Maghanga akasema kwamba picha ya mwanawe haina shida, tena anaitaka iwepo, maana huenda mtu amemwona mahali. Lakini jina lake lisikae na neno lile. Mtu ukimwita marehemu naye yuko njiani anarudi, akasema, atageukia wapi?

Watu walitawanyika na unga wao. Ni vigumu kueleza aibu ya watu wanaorudi kutoka matanga ambayo hayakuwepo, wanasalimiana njiani bila kujua waseme nini.

Wiki ile ile niliwaita wote wawili Voi, mama na mkaza mwana, tuuandike ukurasa upya mbele yao. Nilijiona mjanja. Nilidhani kuondoa neno moja na mshumaa kungetosha. Habari ya mshumaa ilimalizwa haraka. Mama aliuliza wa nini, Bi Salma akamjibu kwamba stima ikipotea pia huwashwa, na mama akasema basi ukae. Shida ilikuwa yale maneno machache ya maisha yake. Nilianza kuwasomea: "Maghanga alikuwa fundi wa magurudumu."

"Alikuwa," akasema Mama Maghanga. "Na sasa ni nani?"

Nikafuta, nikaandika kwamba ni fundi wa magurudumu Maungu. Wakesho akaweka kikombe chini.

"Kibanda chake kinauza mkaa sasa, mama. Mimi hupita hapo. Nimwambie nani kwamba Maghanga ni fundi?"

"Umemwandika marehemu ili uolewe," mama akasema. Alisema kwa sauti ya chini, akitazama dirisha.

Hapo ndipo nilipojua yote. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi huko Bura, mgane mwenye watoto, mtu mtaratibu. Parokia ilikuwa imewaambia haiwezi kufungisha ndoa ya mwanamke ambaye mumewe hajulikani alipo. Iletwe karatasi. Wakesho hakukana.

"Mimi sijasema amekufa," akamjibu. "Nimesema nimechoka. Mama, hata wewe umechoka, tofauti ni kwamba wewe hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Wewe ni mama yake, akirudi au asirudi. Mimi nikiulizwa nijibu nini? Mke? Mjane? Nikienda kanisani naambiwa mke, nikija hapa naambiwa mjane."

Chini wakaanza kukata mabati. Tulikaa tukingoja, na kwa mara ya kwanza niliyashukuru.

Sikilizeni jinsi tulivyokuwa tumebanwa. Kiswahili kinataka kila kitenzi kiseme wakati wake. Ukiandika *alicheka*, umemzika mbele ya mama yake. Ukiandika *anacheka*, umemfunga mkewe mlango. Mimi na digrii yangu tulikuwa tumeshikilia kipanya tukiangalia mstari unaowaka na kuzima. Bi Salma alikuwa amevua miwani anaifuta kwa mtandio.

"Huku bara mmeitupa *hu-*," akasema, kana kwamba alikuwa akiongea na miwani. "Andika hucheka."

Mara ya mwisho nilikuwa nimeitumia katika mtihani. Katika kuongea kwetu hapa hatuna haja nayo, na hata Wakesho alipoitamka katika *hupita hapo* dakika chache nyuma alikuwa ameipita tu njiani. Lakini itazameni. Haina nafsi, haina jana, haina leo. Jua huchwa, lilichwa jana na litachwa kesho, na mwenye kusema haulizwi ni lini. Nikaandika: *Maghanga hutengeneza magurudumu. Huanza kucheka kabla hajamaliza kisa. Barazani husimama na kuuliza.* Nikasoma kwa sauti. Mama akaitikia kwa kichwa, akamsikia mwanawe aliye mahali anacheka. Nikamtazama Wakesho, na yeye pia alikuwa anaitikia, akimsikia mume aliyekuwa na desturi hizo. Kila mmoja alichukua chake katika neno lile lile.

Tatizo la *hu-* ni kwamba haina njia yake ya kukanusha. Wakesho alitaka iandikwe kwamba mumewe hakunywa pombe, jambo ambalo fundi wa Maungu anastahili kusifiwa kwalo. Ukisema *hakunywa* umerudi kwa marehemu, ukisema *hanywi* umerudi kwa aliye hai. Bi Salma aligeuza geuza, akashindwa. Ikabidi yote asiyoyafanya tuyaache nje. Ndiyo maana ukurasa wa Maghanga ni wa mtu anayefanya tu, asiye na mwiko wala chukizo. Mama alisema hivyo sivyo alivyo, lakini itatosha.

Kilichobaki kilikuwa kisanduku cha tarehe ya kifo. Nilimpigia Kevo, kijana wa mitambo kule Nairobi, nikamwambia tunataka kiwe wazi.

"Haiwezi, mzee. Hiyo ni lazima, sistimu itakataa."

"Na kama mtu hajafa?"

"Sasa anafanya nini kwa sistimu yetu?"

Swali lilikuwa zuri. Ili kunisaidia aliweka tarehe ya uongo, ya zamani sana, na kwa siku mbili ukurasa ulisema Maghanga alifariki kabla nyanya yake hajazaliwa. Mwishowe alifungua kitu ndani ya mtambo, akaniambia nisimwambie mtu, na kisanduku kikakubali kukaa kitupu.

Miezi ikapita. Siku moja Mama Maghanga aliazima simu ya jirani akanipigia, sauti yake imechangamka hata sikuitambua. Alitaka kunishukuru kwa kumwongezea mwanawe mwaka. Nilifungua ukurasa. Mtambo hupiga hesabu ya umri kwa kuondoa tarehe ya kuzaliwa kutoka ile ya kifo, na usipopata ya kifo huchukua ya leo. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa imepita juzi, na Maghanga, ambaye alichukuliwa akiwa na miaka ishirini na tisa, alikuwa na thelathini na tatu.

Kevo aliposikia alisema mtambo umeingiwa na mdudu, ndivyo wanavyoita kosa, atamtoa jioni hiyo. Nilimwomba amwache mdudu wetu. Akacheka, akaniita mzee wa mashairi, akamwacha. Tangu hapo kila mwaka simu ilikuja. Babake alianza kuota mvi mapema, mama alikuwa akiniambia, kwa hiyo huyu naye sasa zimeanza.

Miaka iliyofuata siwezi kuipanga vizuri. Majina yaliongezeka. Yakaja maandamano ya vijana, zikaja picha zilizo safi mno, zilizopigwa kwa simu nzuri, na wazazi wenye umri mdogo kuliko wangu. Nilianza kuandika kurasa kwa mkono uliozoea, nami nikauogopa mkono huo. Bi Salma alifariki nyumbani kwake asubuhi, binti yake akimshika kichwa, tukamzika kabla ya alasiri. Nilisimama pale makaburini nikiona wivu, sitaficha. Kifo chenye mwili, chenye saa, chenye watu waliokiona. Kalamu yake nyekundu iko kwenye droo ya pili, imekauka, msiitupe.

Wakesho alirudi mwezi wangu wa mwisho kazini. Miaka saba ambayo sheria hutaka ilikuwa imepita na zaidi kidogo, na mahakama ilikuwa imetamka kwamba Maghanga achukuliwe kuwa amefariki. Alikuwa na hati yenyewe ndani ya bahasha ya kaki. Parokia imekubali, akasema. Harusi itakuwa ndogo, baada ya mavuno, na mwalimu wake alikuwa amemngoja hadi watoto wake wakamaliza shule.

Nikauliza kama Mama Maghanga anajua.

"Anajua. Alinisindikiza mpaka mlango wa korti. Kuingia hakuingia. Aliniambia wewe nenda, mimi nitakushikia mkoba."

Mwongozo wetu, ule msiousoma, uko wazi kuhusu jambo hili. Hati ya mahakama ikiletwa na mtu wa familia, tarehe iliyo juu yake huingizwa. Nilifungua ukurasa. Nilivaa miwani. Nilichukua muda kuitafuta tarehe kwenye hati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji, halafu nikaweka kidole.

"Unafanya nini?" akauliza Wakesho.

"Naingiza tarehe. Si ndiyo uliyoileta?"

"Nimekuletea uione, kwa sababu wewe ulianza na sisi. Hiyo ni ya parokia. Hapo usiandike kitu."

Nikamweleza kwamba bila tarehe mtambo utaendelea kuhesabu. Nikamwambia kuhusu mdudu. Kumbe alijua siku nyingi. Alikuwa akiufungua ukurasa kwenye simu yake kule Bura, usiku watu wakilala, na hajawahi kumwambia mama mkwe wala mwalimu.

"Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili," akasema. "Alikuwa akinitania, ati nimheshimu, yeye ndiye aliyeliona jua kwanza. Ukimsimamisha pale walipomchukua, mimi nimeshampita. Nitakuwa mzee na yeye kijana. Mwache azeeke."

Alirudisha hati kwenye bahasha, akaniuliza nitakuwa nikifanya nini nyumbani siku nzima, nikasema sijui, akasema nilime mboga. Kisha akateremka ngazi.

Mkimfungua Maghanga, mtakuta kisanduku cha tarehe kiko kitupu na umri unaosogea. Msimpigie fundi wa mitambo.